Bomba Si Maji: Vishikwambi vya Handeni na Ubahili wa Wenye Lugha

Mwezi Desemba mwaka 2017 vishikwambi vilianza kutumika mikononi mwa watoto katika vijiji 170 vya Mkoa wa Tanga, Handeni na Korogwe zikiwa miongoni mwa wilaya zilizohusika. Watoto hao walikuwa karibu 3,000. Katika kila mia, 74 walielezwa kuwa hawajapata kuingia shule, 80 hawajapata kusomewa kitabu nyumbani, na zaidi ya 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Hawakupelekewa mwalimu. Walipelekewa kioo chenye mwanga, programu iliyopakiwa ndani yake, na mtambo wa sola wa kukitia chaji. Baada ya miezi 15 walipimwa tena, na idadi ya wasioweza kusoma neno ikawa imepungua kwa nusu. Tarehe 15 Mei 2019 washindi wa tuzo ya Global Learning XPRIZE wakatangazwa: dola milioni 10 zikagawiwa nusu kwa nusu baina ya Kitkit School ya Korea Kusini na Marekani, na onebillion ya Uingereza na Kenya. Programu za wote watano waliofika fainali zikawekwa huria mtandaoni, kila atakaye azichukue, azitumie, azibadilishe, bila ya kulipa senti.

Habari hii imepokewa barazani kwa namna mbili, na zote mbili zina kasoro. Wapo waliopiga vigelegele, wakanena kuwa mashine imekwisha kumpiku mwalimu, na kwamba lililobaki ni kununua vioo zaidi. Wapo nao walioguna. Hawa aghalabu ni watu wa ushairi na wa Kiswahili fasaha, na hoja yao ni kwamba lugha haifundishwi kwa kioo; kwamba Kiswahili kinachopikwa Seoul na London kitakuwa chakula kisicho na chumvi. Wa kwanza wamelewa hesabu. Wa pili wana hatia kubwa zaidi, kwa kuwa chumvi wanayoilalamikia ilikuwa jikoni mwao, na hawakuitoa.

Waanze wa kwanza. Kupunguza ujinga wa kusoma kwa nusu si jambo dogo, na asiyelikubali hana insafu. Walakini nusu ina nusu yake ya pili. Ikiwa zaidi ya watoto 90 katika mia walianza bila ya kusoma neno, basi baada ya miezi 15 ya kushika kioo bado zaidi ya 40 katika mia walikuwa palepale walipoanzia. Tena kusoma neno si kusoma kitabu. Na zaidi ya yote, kishikwambi hakikuwapa watoto wale lugha. Kishikwambi kiliwakuta nayo. Walipoambiwa kwa Kiswahili waguse herufi hii au ile, walielewa kwa sababu mama, bibi, redio ya jirani na wachuuzi wa mnadani walikwisha kuifanya kazi hiyo kwa miaka bila ya tuzo wala tangazo. Hata kuchaji hakukujifanya: kina mama wa vijijini ndio walioaminiwa ile mitambo ya sola na kuhakikisha kuwa vioo havizimiki. Asemaye kuwa mashine ilifundisha peke yake amewafuta kina mama hao katika hesabu yake, kama wanavyofutwa katika hesabu nyingi.

Kwa hiyo swali la kwamba mashine ni bora kuliko mwalimu au mwalimu ni bora kuliko mashine ni swali la kupotezea muda. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 vimekwisha kugawiwa kwa walimu. Simu imo mfukoni mwa mkulima wa Mkata na mfanyakazi wa mashamba ya mkonge ya Korogwe. Kifaa kimefika. Lililobaki ni kuuliza kifaa hicho kimebeba nini, na nani amekipakia.

Watu wa Handeni hawahitaji kufafanuliwa jambo hili. Wilaya yao inajulikana kwa shida ya maji, na bomba kuu la Handeni huleta maji ya Mto Pangani kutoka upande wa Korogwe. Wao wanajua kuliko mtu mwingine yeyote kwamba bomba si maji. Bomba laweza kuwa refu, jipya na la gharama, na ndoo ikarudi nyumbani kavu, kama chanzo hakitoi. Na anayeketi juu ya chemchemi, akalicheka bomba kwa ukavu wake, huyo amejisuta mwenyewe.

Chemchemi ya Kiswahili iko wapi? Hilo halina ubishi. Shindano lile lilitangazwa mwaka 2014, na mlango ulikuwa wazi kwa dunia nzima. Watano waliofika fainali walikuwa na makao yao Berkeley na Seoul, London na Nairobi, Pittsburgh, New York na Bangalore. Hakuna hata mmoja aliyetoka Tanga, Unguja, Pemba au Dar es Salaam. Yaani Kiswahili kilishindaniwa katika mkoa aliozaliwa Shaaban Robert mwaka 1909, na mkoa huo haukuwa na mshindani. Mkoa huohuo ndio uliokuwa na gazeti la Kiongozi pale Tanga tangu mwanzo wa karne ya 20, na kabla yake Habari za Mwezi kule Magila katika miaka ya 1890, wakati ambapo wino na karatasi vilikuwa adimu kuliko intaneti ilivyo leo. Watu wa zamani walipewa chombo kigeni, matbaa, wakakijaza maneno yao. Watu wa leo wamepewa chombo kigeni, wakakaa pembeni kukikosoa matamshi.

Wala jambo hili halikuanza Handeni. Mwaka 1994, Waswahili walipokuwa bado hawajaijua intaneti hata kwa jina, kamusi ya Kiswahili ya mtandaoni ilianzishwa katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani. Mwaka uleule wa 2017 vishikwambi vilipofika Tanga, Duolingo ilifungua somo la bure la Kiswahili kwa wasemao Kiingereza, lililotungwa na watu wa kujitolea. Miswada ya tenzi na mashairi iliyokusanywa katika mwambao huu na kuchukuliwa na wageni husomwa bure kwa picha katika maktaba ya mtandaoni ya SOAS, Chuo Kikuu cha London. Mtoto wa Lamu au wa Chake Chake akitaka kuuona mwandiko wa mababu zake bila ya kulipa, hana budi kupitia London. Sawa, na ashukuriwe aliyehifadhi. Lakini shukurani haiondoi aibu. Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Na huyu hata si ndugu.

Utetezi wa wenye lugha unajulikana, na unastahili kusikilizwa kwa sababu una ukweli ndani yake. Utetezi huo ni haki ya mtunzi. Washairi wa mwambao wameibiwa tangu kaseti za taarabu ziliponakiliwa vichochoroni, na hata leo shairi la mtu husambazwa katika simu bila ya jina lake. Je, mtu huyo aambiwe atoe bure na hicho kidogo alichobakiza? Hapana. Mtunzi aliye hai ana haki ya kula kwa kalamu yake, na anayemwambia ajitolee kwa ajili ya taifa aanze yeye kujitolea mshahara wake.

Lakini utetezi huu hutumiwa kufunika mengi usiyoyahusu. Hauwahusu waliokufa zamani. Muyaka bin Haji alifariki mwaka 1840. Mwana Kupona alitunga utendi wake mwaka 1858. Hakuna sheria duniani inayozuia beti zao kurekodiwa kwa sauti nzuri na kutolewa bure kwa kila shule. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 iliilinda kazi ya mtunzi kwa maisha yake na miaka 50 baada ya kifo chake. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962. Kwa hesabu ya sheria hiyo, kazi alizozichapisha mwenyewe zilifikia ukomo wa ulinzi mwaka 2012. Tangu hapo, ni nani aliyezuia zisomwe kwa sauti ya mtu wa Tanga, zipangwe kwa madaraja ya wasomaji, zitiwe faharasa ya maneno magumu, na zipelekwe Handeni katika kadi ya kumbukumbu isiyozidi ukucha wa kidole?

Wala haki ya mtunzi haizihusu kazi zilizoandaliwa na taasisi za umma. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 iliandaliwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili katika chuo kikuu cha umma. Kamusi la Kiswahili Fasaha la mwaka 2010 liliandaliwa na Baraza la Kiswahili la Zanzibar. Hizi ni mali za umma kwa jasho lake, na mwalimu wa kijijini angestahili kuzifungua katika simu yake kama anavyofungua salamu za asubuhi. Taasisi ya Elimu Tanzania imekwisha kuonyesha kuwa jambo hili linawezekana, kwa kuweka vitabu vya kiada katika maktaba yake ya mtandaoni, visomwe bila ya malipo. Ikiwa kitabu cha darasa la tatu kimeweza kupita mlangoni, kamusi inazuiliwa na nini?

Tena kutoa bure si kutupa. Anayetoa kwa leseni huria hutoa pamoja na jina lake na masharti yake: tumia, lakini nitaje, badilisha, lakini uliloongeza nalo liwe huru. Aliyefichama ndiye anayeibiwa bila ya shahidi. Mshairi ambaye beti zake kumi zimewekwa hadharani kwa jina lake, sauti yake na tarehe yake, ana ushahidi dhidi ya mwizi. Na diwani yake itanunuliwa zaidi na waliokwisha kuionja.

Sasa, ni kitu gani hasa ambacho watu wa ushairi wangeweza kukipeleka Handeni, ambacho mhandisi wa Pittsburgh hawezi kukibuni kwa akili yake yote? Jibu ni mizani.

Kiswahili husomwa kwa silabi. Mtoto wa darasa la kwanza huanza na ba, be, bi, bo, bu. Na anayekwama, aghalabu hukwama kwa kuwa sikio lake halijajifunza kulikata neno vipandevipande. Ushairi wa Kiswahili umekuwa ukifanya kazi hiyohiyo kwa karne nyingi. Mwalimu akiandika ubaoni: Handeni kuna kisima, maji yake ni ya nani?, kisha akawaambia watoto wapige kofi kwa kila mizani, watahesabu nane hadi penye kituo, na nane tena hadi mwisho. Ha-nde-ni-ku-na-ki-si-ma. Ma-ji-ya-ke-ni-ya-na-ni. Tayari wamejua kuwa nde ni silabi moja na si mbili, wala hakuna aliyewakemea. Akiwaambia watafute neno jingine litakalomalizia kwa ma na jingine kwa ni, wamefundishwa vina, na pamoja na vina wamefundishwa msamiati, maana kina hakipatikani ila kwa kupekua ghala la maneno. Mtoto aliyekosea mizani hujisikia mwenyewe, kama mcheza ngoma aliyepotea hatua. Hakuna alama nyekundu inayomfundisha kwa upole huo.

Somo kama hilo halihitaji dola milioni 10. Lahitaji mshairi mmoja, simu moja ya kurekodia, na asubuhi mbili. Mashairi arobaini mepesi ya tarbia, yaliyotungwa makusudi kwa watoto, yakisomwa polepole mara moja na kughaniwa mara ya pili, yangetosha kwa mwaka mzima wa masomo. Vyama vya washairi vipo. Kumbi zipo. Mashindano hufanywa kila sherehe. Tangu UNESCO ilipoitangaza tarehe 7 Julai, mwezi Novemba 2021, kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, beti zimemiminwa majukwaani kuisifu lugha na kumsifu mgeni rasmi. Siku ikipita, beti hizo huenda wapi? Huingia katika faili, na faili huingia kabatini. Lugha imesifiwa, na mtoto wa kumfundisha kuisoma hakupata hata ubeti.

Hapana budi kusema pia kuwa neno bure lina udanganyifu wake. Kilicho bure mtandaoni si bure Handeni. Mwalimu hununua bando kwa fedha yake, husaka mtandao mlimani, na filamu ya somo ikikatikia katikati, fedha haimrudii. Ndiyo maana anayetaka kusaidia kweli hana budi kufikiri kwa njia ya kijijini: sauti nyepesi kuliko video, maandishi mepesi kuliko picha, na kila kitu kiweze kupakuliwa mara moja mjini na kusambazwa kwa kadi au kwa bluetooth bila ya mtandao. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003 na sasa ina makala zaidi ya elfu sabini, yaweza kubebwa nzima ndani ya simu kwa programu ya Kiwix na kusomwa pasipo intaneti. Vishikwambi vya mwaka 2017 vyenyewe vilifundisha kwa programu zilizokuwa ndani yake, si kwa kuvuta masomo mtandaoni. Njia inajulikana.

Wenye mamlaka nao hawawezi kuachwa wapite kimya. Mwezi Machi mwaka 2018, watoto wa Tanga wakiwa katika miezi yao ya mwanzo ya majaribio, serikali ilitoa Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni zilizomtaka mwenye blogu, redio au televisheni ya mtandaoni kupata leseni, kwa ada ambazo jumla yake ya kuanzia ilizidi shilingi milioni mbili. Kanuni hizo zilibadilishwa baadaye, zikatolewa mpya mwaka 2020, lakini funzo lake halijafutika. Mkono mmoja ulikaribisha programu za wageni kijijini, na mkono wa pili ukamtoza mwenyeji aliyetaka kuandika kwa lugha yake mwenyewe. Mwalimu mstaafu wa Korogwe aliyetamani kufungua ukurasa wa kufundishia methali angeuza ng'ombe kwanza.

Limebaki la mwisho, na ndilo litakalowauma watu wa pwani. Handeni si pwani. Handeni ni nchi ya Wazigua, na mtoto wengi wao humsikia bibi yake kwa Kizigua kabla ya kukisikia Kiswahili cha kitabuni. Watu wa mwambao hulalamika, na wana haki, kwamba lafudhi na lahaja zao zilipunjwa wakati Kiunguja kilipofanywa msingi wa usanifishaji chini ya Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930. Basi wasimfanyie Mzigua waliyofanyiwa wao. Zana huria zina fadhila moja kubwa: hazina uchumi wa kiwanda cha uchapaji kinachodai nakala elfu kumi ndipo kitabu kitoke. Hadithi ya sungura yaweza kuandikwa kwa Kizigua upande mmoja na kwa Kiswahili upande wa pili, ikamvusha mtoto kutoka anachokijua kwenda anachokitafuta, na gharama yake ikawa ni muda tu.

Na kama yupo anayedhani kuwa Kizigua ni kijilugha cha kufa kesho, aende Chogo, hukohuko Handeni. Huko wanaishi watu ambao wazee wao walichukuliwa hadi Bonde la Mto Juba, Somalia, katika karne ya 19, wakakaa huko vizazi kadhaa, na walipokimbia vita na kurudi Handeni kama wakimbizi walirudi na Kizigua chao kinywani. Hawakuwa na kamusi, hawakuwa na redio, hawakuwa na programu. Walikuwa na wazazi waliokataa kuibania watoto wao lugha. Lugha haikuwahi kuokolewa na chombo. Huokolewa na mwenye nayo anapoitoa.

Hapo ndipo hoja yote inapokomea. Programu za Seoul na London zimekwisha kuachwa wazi, mlango haukufungwa, na sheria zake zinamruhusu mtu wa Pemba kuingia, kuondoa sentensi iliyopooza na kuweka yenye uhai. Mabaraza ya Kiswahili yafungue kamusi zao. Vyuo viweke miswada yao hadharani. Redio za umma zitoe katika kanda zao zile sauti ambazo wenyewe wamekufa na hawana wa kuwadai. Kila chama cha washairi kitoe mashairi arobaini ya watoto, kwa majina ya watunzi, bure, kabla ya tarehe 7 Julai ijayo, na siku hiyo hotuba zipunguzwe ili beti hizo zisikilizwe. Asiyetaka kutoa ana hiari yake. Ila akae kimya pale mtoto wa Handeni atakapoghani Kiswahili kwa lafudhi ya mashine, kwa sababu mashine ilimpa ilichokuwa nacho, na yeye, aliyekuwa na zaidi, hakumpa kitu.